Kabla ya kusema lugha imeharibika, hesabu kwanza



Kila kizazi kina wazee wake wanaolalamika kwamba lugha imeharibika. Watakwambia kuwa zamani watu walisema vizuri, kila neno limekaa mahali pake, sentensi imenyooka kama reli. Na kwamba vijana wa leo, ama kwa uvivu ama kwa kukosa adabu, wanabomoa nyumba ambayo mababu waliijenga kwa jasho. Malalamiko hayo hayana nchi wala kabila. Ukienda Ufaransa utayakuta, tena makali kweli kweli, maana Wafaransa ni watu wanaoionea wivu lugha yao.

Huko moja ya makosa wanayopigiwa kelele watoto wa shule ni kudondosha kineno kidogo, "ne". Sarufi ya darasani inasema kuwa Mfaransa anayetaka kusema "sijui" ni lazima aseme "je ne sais pas". Lakini mitaani, sokoni na kwenye treni, watu wanasema "je sais pas". Ile "ne" imekwenda zake. Katika mji wa Montréal, Kanada, ambako Kifaransa ndiyo lugha ya watu wengi, utafiti uliochapishwa mwaka 1977 ulionyesha kuwa katika mazungumzo ya kawaida "ne" ilikuwa karibu imetoweka kabisa. Walimu wanashika vichwa.

Sasa mimi leo nina swali moja tu. Mtu anayesema lugha imeharibika, ana ushahidi gani? Amejuaje watu wa kale walivyosema? Hakuna kanda ya redio ya karne ya 13. Waliokuwa wakiongea siku hizo wamekuwa udongo. Kilichobaki ni ngozi za wanyama zilizoandikwa kwa kalamu ya unyoya, zikiwa na herufi zilizobanana na vifupisho visivyo na idadi. Na wako watu ambao kwa zaidi ya miaka 30 wamekuwa wakiyaingiza maandishi hayo katika kompyuta, sentensi moja baada ya nyingine, ili wapate kujua jinsi maneno yalivyopangwa na mpangilio huo ulivyobadilika. Kazi hiyo wataalamu wanaiita uchunguzi wa sintaksia ya kihistoria. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe linaeleweka.

Tuanze na Wafaransa wenyewe. Lugha yao ni mtoto wa Kilatini, lugha ya dola ya Roma. Mtoto huyo alikua polepole mpaka akawa hafahamiani tena na mzazi wake. Mwaka 813 maaskofu waliokutana mjini Tours waliagiza kwamba mahubiri yatolewe kwa lugha ya watu wa kawaida, kwa sababu waumini walikuwa hawaelewi tena Kilatini cha kanisani. Mwaka 842, tarehe 14 Februari, wajukuu wawili wa mfalme Charlemagne, Louis na Charles, walikula viapo mjini Strasbourg mbele ya majeshi yao, kila mmoja akitumia lugha ya jeshi la mwenzake. Kiapo alichoapa Louis ndicho kinachohesabiwa na wengi kuwa maandishi ya kwanza ya Kifaransa. Kuanzia hapo hadi mwaka 1500 hivi, tuna zaidi ya karne sita za mashairi, hadithi za mashujaa, maisha ya watakatifu, sheria na habari za vita.

Na Kifaransa hicho cha kale kilikuwa na mambo ambayo Mfaransa wa leo akiyaona anashangaa. Chukua Kiswahili chetu kwanza. Ukisema "mfalme anamwona askari", na ukisema "askari anamwona mfalme", umesema mambo mawili tofauti. Maneno ni yale yale, lakini aliyetangulia ndiye anayeona. Kifaransa cha leo nacho kiko hivyo hivyo. Lakini Kifaransa cha karne ya 12 kilimvalisha nguo tofauti anayetenda na anayetendwa. Mfalme akiwa mtenda aliitwa "li rois". Akiwa mtendwa aliitwa "le roi". Kwa hiyo mtu aliweza kusema "li rois voit le chevalier", mfalme anamwona askari wa farasi, au akageuza akasema "le chevalier voit li rois", na bado anayeona ni mfalme. Ile "li" na ile "s" ya mwishoni ndizo zilizokuwa zinasema nani ni nani. Mpangilio wa maneno ulikuwa huru kwa mambo mengine, kwa mfano kutia mkazo.

Kufikia karne ya 14 nguo hizo zilikuwa zimechakaa karibu zote. Mtenda na mtendwa wakawa wanavaa sawa, na mpangilio wa maneno ukabeba mzigo. Hapo ndipo swali la kuku na yai linapozuka. Je, watu walianza kupanga maneno kwa utaratibu mmoja, ndipo "s" ile ikawa haina kazi ikafa? Au "s" ilikufa kwanza, ndipo watu wakalazimika kupanga maneno? Huwezi kulijibu swali hilo kwa kukaa kitini na kufikiri. Ni lazima uhesabu. Mwaka fulani, katika maandishi fulani, mtendwa alitangulia kitenzi mara ngapi katika kila mia? Na miaka 50 baadaye?

Zamani hesabu hizo zilifanywa kwa mkono. Mwanazuoni Lucien Foulet alitoa kitabu chake kidogo cha sintaksia ya Kifaransa cha kale mwaka 1919, na hadi leo wanafunzi wanakifungua. Watu wa namna yake walisoma vitabu vizima kwa penseli na vikaratasi, wakinukuu mifano mmoja mmoja. Walikuwa na macho makali. Tatizo ni kwamba mwanadamu anayesoma kwa macho huona kinachomshangaza na kukipita kilicho cha kawaida. Mfano wa ajabu unaandikwa kwenye kikaratasi. Mifano mia nne ya kawaida inapita bila kuhesabiwa. Na asiyehesabu vya kawaida hawezi kujua cha ajabu ni cha ajabu kiasi gani.

Mashine iliingia katika kazi za namna hii kwa mlango wa dini. Mwaka 1949 padri Mwitaliano wa shirika la Wajesuiti, Roberto Busa, alikwenda New York kuonana na Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akaomba msaada wa mashine za kadi ili atengeneze faharasa ya kila neno aliloandika Mtakatifu Thomas wa Akwino. Maneno yalikuwa kiasi cha milioni 11, yote ya Kilatini. Faharasa hiyo ilianza kuchapishwa miaka ya 1970 na ikafikia majuzuu 56. Watu wanamtaja padri Busa kwa haki kabisa. Lakini kadi hizo hazikujitoboa zenyewe. Kazi ya kuzitoboa ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasichana waliofunzwa katika mji wa Gallarate, na kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa popote. Nalisema hilo makusudi, maana nitalirudia baadaye.

Kwa upande wa Kifaransa cha kale, kazi kubwa ilianza mwaka 1989, pale mwanaisimu Christiane Marchello-Nizia alipoanzisha hazina ya maandishi inayoitwa Base de Français Médiéval. Leo iko Lyon, na ina maneno yanayozidi milioni 4, kuanzia vile viapo vya Strasbourg hadi mwisho wa karne ya 15.

Sasa, ndugu msikilizaji, usidhani ukishaingiza maneno milioni 4 ndani ya kompyuta kazi imekwisha. Hapo ndipo inapoanza. Kompyuta haijui Kifaransa, kama vile kabati la vitabu halijui kusoma. Jaribu kuiambia itafute neno "mfalme". Waandishi wa zamani hawakuwa na tahajia moja: huyu anaandika "roi", yule "rei", mwingine "roy", na ile "s" inaongezwa na kupunguzwa. Ukitafuta umbo moja tu, utapata sehemu tu ya wafalme wako. Tafuta sasa neno "pas". Kompyuta itakuletea lile la kukanusha, na pia itakuletea "pas" lenye maana ya hatua ya mguu. Umetupa wavu, umevua samaki na viatu.

Kwa hiyo ngazi ya pili ni kulibandika kila neno kibandiko: hili ni nomino, hili ni kitenzi, hili ni kiwakilishi, na katika kamusi utalikuta chini ya umbo fulani. Ngazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Hapo kila sentensi inachanganuliwa kwa mchoro wa matawi unaoonyesha kiima ni kipi, yambwa ni ipi, kishazi gani ni huru na kipi kinategemea kingine. Katika Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, France Martineau na wenzake walichanganua hivyo kiasi cha maneno milioni moja ya Kifaransa cha zama mbalimbali. Sophie Prévost wa Ufaransa na Achim Stein wa Stuttgart, Ujerumani, waliongoza kazi nyingine ya kiasi cha robo milioni ya maneno. Katika kazi hiyo ya pili watu wawili walichanganua maandishi yale yale bila kuangaliziana, kisha majibu yao yakalinganishwa, na palipotofautiana pakaamuliwa upya. Ni kama kusahihisha mtihani wa taifa.

Baada ya jasho hilo, sasa unaweza kuiuliza kompyuta swali la maana. Unaiambia: niletee vishazi huru vyote ambamo yambwa imetangulia kitenzi na kiima kimefuata nyuma, tangu mwaka 1100 hadi mwaka 1300, unipangie kwa miaka. Jibu linakuja kabla hujamaliza kunywa maji. Foulet angehitaji miezi.

Na majibu yanasema nini? Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza unahusu viwakilishi. Sisi tukisema "nimefika", hatuna haja ya kusema "mimi nimefika", kwa kuwa ile "ni" imeshasema. Kifaransa cha kale nacho mara nyingi kiliacha kiwakilishi. Kifaransa cha leo hakiruhusu; ni lazima useme "je", "tu", "il". Maelezo ya shuleni ni kwamba miisho ya vitenzi ilipoacha kutamkwa, watu walishindwa kujua nani anatenda, ndipo wakaongeza viwakilishi. Maelezo matamu, yanaingia akilini. Lakini ukihesabu unakuta tatizo. Hata katika zile zama za kale, kiwakilishi kiliachwa zaidi katika vishazi huru, na kilitajwa zaidi katika vishazi tegemezi, yaani vile vya "kwamba amefika" au "alipofika". Mwisho wa kitenzi ni ule ule huku na kule. Kama sababu ingekuwa mwisho wa kitenzi peke yake, tofauti hiyo ingetoka wapi? Kwa hiyo sababu nyingine, ya mpangilio wa sentensi yenyewe, ilikuwemo. Katika kishazi huru kitenzi kilipenda kukaa nafasi ya pili; neno jingine likitangulia, mathalani "kisha" au "kesho", kiwakilishi kiliachwa kwa urahisi. Foulet alikwisha kuinusa habari hii kwa macho yake. Hesabu za kompyuta zimeipa uzito, ingawa hadi leo wanazuoni wanabishana kama ile nafasi ya pili ilikuwa sheria kamili au mazoea tu.

Mfano wa pili ni ule wa "ne" na "pas", ule unaowatia walimu presha. Hapo kale "ne" ilikanusha peke yake, na ilitosha. Kisha watu wakaanza kuongeza vineno vya kutilia mkazo. "Pas" ni hatua, "mie" ni chembe ya mkate, "point" ni nukta, "goutte" ni tone. Hilo sisi Waswahili halitupi tabu hata kidogo: tunasema "hana hata chembe ya aibu", "hajanywa hata tone". Ndivyo walivyosema nao: sikwenda hata hatua, sikula hata chembe. Katika karne ya 13 vineno hivyo vilikuwa vikishindana, na sehemu za kaskazini na mashariki "mie" ilikuwa na nguvu sana. Mwishowe "pas" ikashinda. Watafiti wengine, kama Maj-Britt Mosegaard Hansen, wamepitia maandishi hayo na kudai kwamba mwanzoni vineno hivyo havikutiwa ovyo, bali pale mtu alipokanusha jambo ambalo tayari lilikuwa limesemwa au liko mawazoni mwa msikilizaji. Baadaye mazoea yakapanuka, mkazo ukaisha, na "pas" ikawa ya lazima. Leo "pas" ndiyo inayokanusha, na "ne" ndiyo inayosahaulika. Mwanaisimu Mdenmark Otto Jespersen aliueleza mzunguko huu mwaka 1917, akionyesha kwamba si wa Wafaransa peke yao.

Sasa tazama jambo lilivyo. Kijana wa Paris anayedondosha "ne" anaambiwa anaharibu lugha ya mababu. Lakini ile "pas" anayoshikilia mwalimu wake iliingia katika ukanushaji kama mgeni; ilikuwa hatua ya mguu. Mababu wa mababu wangeuliza hatua ya mguu inatafuta nini katika "sijui".

Mwanaisimu wa Marekani Anthony Kroch, aliyefariki mwaka 2021, alichapisha mwaka 1989 makala iliyotumia hesabu za Kiingereza na Kifaransa na lugha nyingine. Alionyesha kwamba badiliko la namna hii huanza polepole, likashika kasi katikati, likatulia mwishoni, na kwamba huenda kwa mwendo mmoja katika aina mbalimbali za sentensi, hata kama sehemu moja inaonekana imetangulia. Badiliko linapita vizazi na vizazi. Huwezi kulikamata shati kundi moja la vijana ukasema hawa ndio walioharibu.

Hata hivyo, wasikilizaji wapenzi, nisingependa muondoke hapa mkiamini kuwa kompyuta ikishatoa tarakimu, mjadala umefungwa. La hasha. Tarakimu nayo ina baba na mama.

Yuko bwana mmoja aliyeitwa Joinville, rafiki wa mfalme Louis wa Tisa. Alimaliza kitabu cha maisha ya mfalme huyo mwaka 1309, akafa mwaka 1317. Nakala zilizobaki zilinakiliwa baada ya kufa kwake, na wanakili walikuwa wameshaanza kuiacha ile "s" ya mtenda. Mwaka 1868 mwanazuoni Natalis de Wailly alichapisha kitabu hicho. Alikuwa amechunguza hati zilizoandikwa katika ofisi ya Joinville mwenyewe, akaona zinafuata kanuni za kale. Basi akairekebisha lugha ya kitabu kizima ifanane na hati hizo. Hakuficha, alisema wazi alichofanya. Lakini fikiri: mtu akichukua chapa hiyo, akaiingiza katika kompyuta bila kusoma dibaji, atatangaza kwamba kanuni ya "s" ilikuwa hai na yenye afya njema katika kitabu cha Joinville. Hesabu itakuwa sahihi hadi desimali ya mwisho. Ila atakuwa amemhesabu bwana wa karne ya 19.

Iko mitego mingine. Maandishi mengi ya mwanzo ya fasihi ya Kifaransa ni mashairi. Nathari ya fasihi inakuja kwa nguvu kuanzia karne ya 13. Ule utenzi wa Roland wa mwaka 1100 hivi, wenye mistari ipatayo 4,000 katika nakala ya Oxford, ni shairi. Hadithi ya kutafuta Kombe Takatifu ya mwaka 1225 hivi ni nathari. Ukiona tofauti ya mpangilio wa maneno baina ya hivyo viwili, ni miaka imepita, au ni mizani na vina? Tena nakala ile ya Roland iliandikwa kwa Kifaransa cha Uingereza, ambako ile "s" ilikufa mapema kuliko kwingine. Anayelinganisha bila kuuliza hayo analinganisha embe na kikapu.

Na siku hizi kuna programu, kama Transkribus na eScriptorium, zinazosoma mwandiko wa kale zenyewe, na nyingine zinazobandika vibandiko zenyewe. Ni msaada mkubwa. Lakini programu hujifunza kutokana na mifano iliyochanganuliwa na watu. Ukiifunza kwa nathari ya karne ya 13 kisha ukaipa maandishi ya karne ya 15, itayasoma kwa miwani ya karne ya 13, na pale penye shaka itachagua kile ilichozoea. Sasa, tunachotafuta sisi ni badiliko, na mashine inavutia upande wa mazoea. Makosa hayo hayatawanyiki; yanaelemea upande mmoja, tena upande ule ule unaochunguzwa. Ndiyo maana nikawataja wale wasichana wa Gallarate. Nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyekaa, akasoma, akaamua. Ukimsahau mtu huyo, utaiamini tarakimu kuliko inavyostahili, na yeye utakuwa umemdhulumu.

Atatokea wa kuuliza: haya yote yanatuhusu nini, na unga wenyewe umepanda bei? Nitamjibu. Lugha ndiyo inayotumika kumpima mtu. Mtoto anapunguziwa alama, kijana ananyimwa kazi, mtu wa bara anachekwa pwani na wa pwani anachekwa bara, kwa sababu yupo aliyejitwalia mamlaka ya kusema hivi ndivyo inavyosemwa tangu zamani. Hukumu ya namna hiyo inahitaji ushahidi kama hukumu nyingine yoyote. Wafaransa wameanza kuutafuta wa kwao.

Kwetu sisi uko ushahidi unaongoja. Wanaisimu wengi wanasema kwamba ile "ta" ya "atakuja" inatokana na kitenzi "taka". Na tukisema "atakayekuja", mzee "taka" bado anachungulia dirishani. Yaani neno la kutaka liligeuka chombo cha kuonyesha wakati ujao, kama hatua ya Mfaransa ilivyogeuka kikanushi. Liligeuka lini? Katika sentensi za namna gani kwanza? Miswada ya tenzi za kale kwa herufi za Kiarabu iko, mingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mingine London. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alikwisha kuonyesha kwamba kompyuta inaweza kukichanganua Kiswahili. Kati ya mwaka 1988 na 1992 chuo chake kilishirikiana na cha Dar es Salaam kukusanya lugha na simulizi kwa ajili ya kompyuta. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema njia haijulikani. Kinachotakiwa ni vijana wanaosoma herufi za Kiarabu na wanaojua sarufi wakae meza moja na wanaojua kompyuta, walipwe, na majina yao yaandikwe.

Mpaka hapo, atakayekuja kwako kusema kwamba lugha imeharibika, usimtukane. Mkaribishe kiti, umpe maji, kisha umwulize kwa upole: umehesabu wapi, na nani alikunakilia?

Kwa leo nakomea hapa.